Kinywa Kimesingiziwa

Mwanamke wa Uvira akishavuka miaka arobaini na tano, na kikwembe kikaanza kukataa kuzunguka kiuno, hukumu hutoka siku hiyo hiyo, tena kwa watu ambao hawajawahi kukubaliana juu ya jambo jingine lolote. Muuguzi anamwambia: mama, funga kinywa. Mchungaji anaingiza ulafi katika mahubiri ya mfungo. Mume, ambaye kitambi chake mwenyewe kinaheshimiwa kama cheo, anauliza chakula cha nyumbani kinaishia kwa nani. Mdogo wake anavuka kutoka Bujumbura na pakiti ya chai ya kuondoa tumbo. Wote wanakiri imani moja: kilo ni hesabu ya tabia. Mwenye kiasi hupungua, na asiyepungua anakula kwa siri.

Imani hii ni ya uongo. Ingekuwa uongo usiodhuru ningeiacha ipite, maana Uvira ina mambo mazito kuliko viuno vya mama zetu. Lakini inadhuru, na nitaonyesha wapi. Kwanza nizijibu hoja zake, nikianza na ile inayoonekana haijibiki.

Hoja hiyo hutolewa na watu waliokimbia wenyewe, ndiyo maana ina uzito. "Uliona wapi mtu mnene kambini?" Oktoba 1996, mji ulipochukuliwa na waasi wa AFDL, watu wetu walivuka ziwa Tanganyika kwa maelfu kuelekea Kigoma, wakaishi miaka na miaka katika kambi za Lugufu na Nyarugusu kwa mgawo wa unga, maharage, mafuta na chumvi. Vitambi vilikwisha. Basi, wanahitimisha, dawa tunaijua, tulishaimeza: kula kidogo.

Kwamba njaa inakondesha, hakuna anayebisha. Swali ni nini hutokea sufuria inaporudi mekoni. Jambo hilo lilishapimwa. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya njema, waliokuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri, akawalisha karibu nusu ya walichozoea kwa miezi sita. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Wakaanza kuota chakula, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakagombana kwa vitu vidogo, hao hao waliochaguliwa kwa utulivu wao. Waliporuhusiwa kula, wengi walikula kupita walivyokuwa wakila kabla ya jaribio, na mafuta ya mwili yakarudi upesi kuliko misuli, hadi yakapita pale yalipokuwa mwanzoni. Hakuna aliyewaita walafi. Ilieleweka kwamba mwili uliodhulumiwa ulikuwa unajilipa.

Sasa mtazame mama wa miaka hamsini wa Mulongwe, hapa Uvira. Mwaka 1996 alikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Vita vya 1998 vilimkuta na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Amekula mgawo, amekosa mgawo, amerudi, amekimbilia milimani, ameshuka, na hivi majuzi amekimbia tena. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika usiku na kubeba nyumba, alianza upya na sufuria za kuazima. Vijana wa Minnesota walipewa miezi sita ya njaa chini ya macho ya madaktari. Yeye amepewa nusu ya maisha, bila wa kumpima. Halafu anakuja mtu mwenye kalamu mfukoni kumfundisha kula kidogo, kana kwamba hilo ndilo somo alilolikosa.

Ushahidi mwingine hauhitaji hata kutoka mkoani mwetu. Lwiro, kule Kabare, kuna hospitali iliyotibu watoto wenye utapiamlo mkali kwa miongo mingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Katoliki cha Bukavu waliwatafuta watu waliotibiwa pale utotoni, kati ya 1988 na 2007, wakawalinganisha na watu wa jamii hiyo hiyo ambao hawakupatwa na ugonjwa huo. Waliopitia njaa wakiwa wadogo walikutwa ukubwani na viuno vipana zaidi ukilinganisha na vimo vyao, na wakiwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata mkusanyiko wa tumbo, tensio (shinikizo la damu), sukari na mafuta mabaya ya damu. Sisemi kila kitambi cha Uvira kimetoka vitani. Nasema kwamba mahali ambapo kizazi kizima kililala njaa, anayeuona mwili mnene na kuwaza karamu tu hajui yuko mji gani.

Mwili hufanyaje hayo? Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waligundua homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili yenyewe, leptini, inayopeleka habari ubongoni kwamba akiba ipo kiasi gani. Mafuta yakipungua, leptini inashuka, na ubongo unasoma habari hiyo kama taarifa ya njaa. Hamu ya kula inapanda, mwili unabana matumizi. Kevin Hall, wakati huo akiwa katika taasisi za afya za Marekani, aliwafuatilia watu 14 waliokuwa wameshindana kupungua kwenye kipindi cha televisheni, kwa mazoezi ya kufa mtu na chakula kidogo. Kwa wastani walikuwa wamepoteza kilo 58 kila mmoja. Miaka sita baadaye, kwa matokeo aliyoyachapisha mwaka 2016, kilo 41 kati ya hizo zilikuwa zimerudi, na miili yao wakiwa wamepumzika bado ilikuwa ikitumia kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Kalori 500 ni kama gramu 140 za unga wa muhogo. Kwa hiyo mtu aliyewahi kunenepa kisha akapungua, akikaa meza moja na jirani yake wa kilo zile zile, inambidi aache karibu bugali wa mlo mzima, kila siku, mwaka hadi mwaka, huku tumbo lake likimlilia kuliko la jirani. Anayeweza kufanya hivyo nampa heshima. Asiyeweza, mnamwita nani?

Wanaomhukumu mama wakishindwa hapo hukimbilia mguu: mama hatembei, afanye sport. Wanatoa mfano wa wale wanaokimbia alfajiri ya Jumamosi barabarani wakiimba. Ni wimbo mzuri. Lakini nani hasa hatembei hapa? Uvira imebanwa kati ya mlima na ziwa, na kila kitu kinachopanda au kushuka kinapanda na kushuka kwa kichwa cha mwanamke: muhogo na makala kutoka juu, beseni za ndakala kutoka bandari ya Kalundu, mizigo inayovushwa mpaka wa Kavimvira kwa miguu. Kati ya wanawake hao wamo wembamba na wamo wanene, na wote wanatembea kuliko muuguzi anayewashauri.

Jambo hili nalo limepimwa, tena kwa jirani zetu. Herman Pontzer na wenzake walikwenda kwa Wahadza, wawindaji na wachimba mizizi wanaoishi karibu na ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wakapima nguvu ambayo miili yao hutumia kwa siku nzima. Matokeo yalitoka mwaka 2012 na yaliwashangaza wenyewe: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadza anayetembea kutwa porini hutumia kalori sawa na Mmarekani anayekaa ofisini. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia zaidi miguuni, unakata mahali pengine. Kutembea kunasaidia moyo, kunashusha sukari, kunaimarisha misuli, kunaleta usingizi. Ila kukiuzwa kama dawa ya kilo, mama hutembea miezi miwili, hupanda kwenye mizani, haoni kitu, huacha. Hapo amepoteza faida ambazo alikuwa ameshaanza kuzipata, kwa sababu aliahidiwa nyingine.

Hata wanaomtetea mama hukosea, na upande wangu siuachi bila kuugusa. Wao husema: ni umri tu, moto wa mwili umepoa. Hapana. Utafiti mwingine mkubwa wa Pontzer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021 kwa vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha kwamba matumizi ya nguvu ya mwili hukaa palepale tangu miaka 20 hadi 60, ukizingatia ukubwa na misuli ya mtu. Yanayobadilika ni mengine. Hedhi inapokoma, mafuta yanahama kutoka mapajani kwenda tumboni. Misuli inapungua kidogo kidogo. Baadhi ya wanawake waliotumia sindano ya uzazi ya miezi mitatu waliongezeka na hawakurudi. Na zaidi ya yote, nusu kilo ya kila mwaka haionekani, hadi miaka ishirini ipite na iwe kilo kumi. Huo si uzee wa arobaini na tano. Ni hesabu ya tangu ishirini na tano.

Lakini nusu kilo hiyo imeingia kwa njia gani? Hapa tuingie sokoni, maana naona ndiko jibu liliko, na ndiko washauri wetu hawaendi.

Wanasayansi wawili, Stephen Simpson na David Raubenheimer, walitoa mwaka 2005 hoja ambayo bado inabishaniwa lakini mimi inanishawishi: kwamba mwili wa binadamu hutafuta kwanza kiasi chake cha protini, na huendelea kula hadi ukipate. Chakula kikiwa na protini haba, mtu hula kingi zaidi ili kuifikia. Weka hoja hiyo juu ya sahani ya Uvira. Unga wa muhogo una protini isiyofika gramu mbili kwa kila gramu mia, au inayozidi hapo kidogo sana. Ndakala mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Kwa muda mrefu sahani yetu ilisimama kwa sababu ziwa liliusahihisha muhogo: bugali ulikuwa mwingi, lakini ndakala, mukeke na kuhe walikuwapo. Sasa ziwa lenyewe limebadilika. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha kwamba Tanganyika limepata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, rutuba iliyo kilindini haipandi vizuri, na uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa kama asilimia 20, jambo ambalo kwa makadirio yao lina maana ya kupungua kwa samaki kwa kama asilimia 30. Tangu hapo nyavu zimeongezeka na wanaokula wameongezeka.

Samaki akipungua sahanini, tonge linakua. Na juu ya tonge kuna mawese, kwa sababu katika soko letu hakuna kitu kinachonyamazisha njaa kwa franga chache kama mafuta. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120 hivi. Sombe ya familia hupikwa kwa vikombe. Kisha chai yenye sukari nyingi na mandazi asubuhi, kwa kuwa ndicho kifungua kinywa anachoweza kununua mtu anayetoka nyumbani gizani.

Kuna jambo jingine ambalo kila mtu aliyelelewa kwetu analijua na hakuna muuguzi anayeliandika kwenye kadi. Samaki wakigawanywa, kichwa cha familia anapata mmoja mzima, watoto wanapata vipande, na mama anapata mchuzi. Amefanya hivyo miaka thelathini, kwa upendo na kwa desturi. Ndiye aliyekula bugali mwingi kuliko wote na protini haba kuliko wote, na ndiye tunayemwambia afunge kinywa.

Nikumbushe pia kwamba hukumu hii inatoka kwa jamii ambayo jana ilikuwa ikimsifu kwa kunenepa. Mwanamke mwembamba wa miaka ishirini na tano anaulizwa mume wake anamlisha nini. Katika nchi yetu vidonge vya siproheptadini na hata deksametazoni, dawa za mzio na za uvimbe, huuzwa kwa wasichana ili wapate makalio. Na tangu miaka ya themanini, ule ugonjwa mpya wa Uganda ulipopewa jina la "slim", kukonda kumebaki na harufu ya UKIMWI. Mama akipungua kilo nane leo, jirani wa kwanza atampongeza na wa pili atanong'ona. Anatakiwa anenepe akiwa kijana, akonde akiwa mtu mzima, asikonde sana.

Kama kuna aliyebaki anaamini kilo ni tabia, aangalie walivyofanya matajiri. Wamehubiriana kiasi kwa karne nzima, na hawakupungua. Kilichowapunguza ni sindano ya semaglutidi, iliyoruhusiwa Marekani kwa ajili ya unene mwaka 2021, ambayo huiga homoni ya utumbo na kuituliza njaa ubongoni. Walioitumia hawakutubu, walichomwa. Na waliposimamishiwa dawa katika utafiti, ndani ya mwaka mmoja theluthi mbili za uzito uliopotea zilirudi. Tabia gani hiyo inayokaa ndani ya chupa ya dawa? Sindano hiyo haitafika Mulongwe kesho, na siidai. Wenye sukari wetu wanahangaika kupata hata insulini. Naitaja kama shahidi tu.

Nilisema uongo huu unadhuru. Unadhuru kwanza kwa kumfukuza mama kituoni. Akishaaibishwa mbele ya foleni hatarudi, na tensio yake haitapimwa hadi siku atakapoanguka na upande mmoja wa mwili kufa. Unadhuru kwa kumpeleka kwa wauza chai: nyingi ya chai hizo hutengenezwa kwa majani ya kuharisha kama senna, na kinachopungua ni maji. Katika mji ambao kipindupindu hurudi kila mwaka, kuna watu wanaolipa pesa ili wahare. Unadhuru zaidi pale mama anapoanza kupungua haraka bila kujaribu, anakunywa maji usiku kucha na kukojoa kila saa, na kwaya nzima inampigia vigelegele. Hiyo huenda ni sukari iliyopanda, au kama ana kikohozi na jasho la usiku, huenda ni kifua kikuu. Aliyefundishwa kwamba kupungua ni ushindi hawezi kuliona hilo.

Muuguzi nisimwonee. Yeye ndiye anayewaona waliopooza, na hofu yake ni ya kweli: mafuta ya tumbo yanaua. Ugomvi wangu na yeye ni juu ya chanzo, na juu ya shabaha. Anamtaka mama arudi kwenye kilo za siku ya harusi. Ushahidi unataka kitu kidogo sana kuliko hicho. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari waligawanywa, na kundi moja likaombwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Wagonjwa wapya wa kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 kuliko kwa wale waliopewa vidonge visivyo na dawa na ushauri wa kawaida tu. Wastani wa waliyopoteza ulikuwa kilo tano na kitu. Mama wa kilo 90 akipoteza hizo, kikwembe hakitajua, kanisa halitajua, mume hatajua. Moyo na kongosho ndivyo vitakavyojua. Faida ya kweli inapatikana kwenye ukubwa ambao hausifiwi na mtu, na sisi tunamvunja moyo mama kabla hajaufikia kwa kumwonyesha kilele ambacho mwili wake mwenyewe unakilinda asikifikie.

Kinachowezekana hapa hapa si siri. Mawese nusu ya kawaida katika sombe, na maharage au ndakala kidogo kila siku badala ya mukeke mmoja wa Jumapili. Lengalenga ni rahisi na zipo. Sukari ya chai ipungue kijiko baada ya kijiko. Chumvi ipunguzwe, pamoja na ile iliyojificha katika Maggi, kwa ajili ya tensio. Vidonge vya tensio vimezwe hata siku ambayo kichwa hakiumi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachomtaka alale njaa, na hata kimoja hakimwahidi kiuno cha msichana.

Kwa hiyo mama wa aina hii akifika kituoni kesho, naomba wauguzi waanze na mkono, wafunge kipimo cha tensio, wamwambie namba na maana yake. Kisha waazime mkanda wa fundi cherehani, ambao upo kila avenue, wapime kimo na kiuno: kiuno kikizidi nusu ya kimo, kama sentimita 80 kwa mwanamke wa sentimita 160, kuna kazi ya kufanya, awe ana kilo ngapi. Kama kuna kipimo cha sukari, watoboe kidole. Mizani inaweza kubaki siku hiyo kwa ajili ya watoto wachanga. Na wakitaka kumuuliza juu ya chakula, wamuulize jana jioni, samaki walipogawanywa, yeye alipata nini. Mume akiwa amemsindikiza, wamuulize swali hilo hilo mbele yake.